Witu: Dola ya Mashamba na Msitu katika Historia ya Waswahili

Historia ya upwa wa Afrika Mashariki kwa muda mrefu imeandikwa kutoka ndani ya mji wa mawe. Mwandishi huanza na msikiti wa Ijumaa, makaburi ya nguzo, nyumba zenye zidaka na milango ya nakshi. Kisha, akipata nafasi, ndipo hutaja mashamba, nayo huyataja kama kitu kilichokuwa nyuma ya ukuta. Kilwa, Mombasa, Pate na Lamu zimeelezwa kwa utaratibu huu. Mazoea hayo yamezaa fikra kwamba utamaduni wa Waswahili ni utamaduni wa mijini tu, na kwamba mahali pasipojengwa kwa chokaa na matumbawe hapawezi kuwa makao ya dola ya Kiswahili. Makala haya yanakusudia kuichunguza dola moja iliyokwenda kinyume cha fikra hiyo, yaani Usultani wa Witu, uliosimama kwa nguvu zake tangu mwanzoni mwa miaka ya 1860 mpaka mwaka 1890.

Si kweli kwamba Witu imesahauliwa. Kila kitabu kinachoeleza jinsi mataifa ya Ulaya yalivyoigawanya Afrika Mashariki kina kurasa zake juu ya Witu: humo mna ndugu wawili wa Kijerumani walioitwa Denhardt, mna manowari, mna mkataba wa Heligoland. Lakini katika kurasa hizo Witu ni karata inayochezwa na wengine. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Marguerite Ylvisaker alianza kuitazama kutoka upande wa ardhi, nafaka na biashara ya Lamu, na baada yake Fred Morton aliandika juu ya watumwa waliotoroka na vijiji walivyojijengea katika pwani ya Kenya. Kazi hizo zimefungua mlango. Linalobaki kwa wanafunzi wa lugha ni kuuliza dola hiyo iliundwa na watu gani, iliwaunganisha kwa maneno gani, na kumbukumbu yake imewekwa katika lugha ya nani.

Kutoka Pate kwenda bara

Witu iko bara, si kisiwani. Leo ni mji mdogo katika Kaunti ya Lamu, kando ya barabara itokayo Garsen kuelekea Mokowe. Upande wake wa kusini uko mto Ozi, unaoingia baharini Kipini. Mfereji wa Belezoni, uliochimbwa katika karne ya 19 ili kuuunganisha Ozi na Tana, ulikuja kupanuliwa na maji yenyewe hata Tana ukaacha mlango wake wa zamani na kufuata njia hiyo ya Ozi. Nchi hii haikuwa tupu kabla ya Witu. Magofu ya Ungwana, yaliyochimbuliwa na James Kirkman, na yale ya Shaka na Mwana, yanaonyesha kwamba hapo zamani palikuwa na miji ya Waswahili karibu na mlango wa Ozi. Simulizi za Fumo Liongo nazo humweka shujaa huyo katika Shaka na Ozi, na utenzi wake ulioandikwa na Muhamadi Kijuma wa Lamu mwaka 1913 umelibeba jina la nchi hiyo mpaka katika madarasa ya vyuo vikuu. Kwa hiyo waliohamia Witu hawakujiona kuwa wamekwenda ugenini. Walirudi katika nchi ambayo mashairi yao yalikuwa yakiitaja.

Waliohama walikuwa Wanabahani wa Pate. Tarikhi ya Pate hudai kwamba ukoo huu ulifika kutoka Omani katika mwaka 600 wa Hijra, ambao ni sawa na mwaka 1203 au 1204. Wataalamu wengi hawaikubali tarehe hiyo, na Neville Chittick aliikosoa vikali mwaka 1969. Hata hivyo hapana ubishi kwamba kufika karne ya 18 Wanabahani walikuwa watawala wa Pate na kwamba mkono wao ulifika mbali katika upwa wa kaskazini. Nguvu hizo zilivunjika katika miaka ya 1810, Pate na washirika wake Mazrui wa Mombasa waliposhindwa na watu wa Lamu katika vita vya Shela. Watu wa Lamu, wakihofia kisasi, waliomba ulinzi wa Sayyid Said wa Omani, na tangu hapo Albusaidi walizidi kuingia katika mambo ya visiwa. Siyu ilipinga kwa ukaidi mkubwa, ikaliangusha jeshi la Sayyid Said katika miaka ya 1840, lakini mwaka 1863 nayo ilisalimu amri mbele ya Sayyid Majid wa Unguja.

Katika msukosuko huo Ahmad bin Fumo Luti, aliyejulikana zaidi kwa lakabu ya Simba, aliviacha visiwa. Alikaa Siyu, akaenda Kau kwenye mto Ozi, na mwishowe, mnamo mwaka 1862, akajenga makao yake Witu. Uchaguzi huo haukuwa wa kubahatisha. Mfalme wa kisiwani aliyeshindwa na dola yenye majahazi na mizinga ana ulinzi mmoja tu uliobaki, nao ni kwenda mahali ambapo jahazi haliwezi kufika. Witu ilizungukwa na msitu mnene, njia zake zilikuwa nyembamba, na mji wenyewe ulikuwa na boma la miti na malango yenye walinzi. Majeshi yaliyotumwa kutoka Unguja yalifika mara kadhaa na kurudi bila ya kumtoa Simba. Msomaji wa Kiswahili hawezi kulisikia jina la Witu bila ya kulikumbuka neno mwitu, na iwapo ndilo asili yake au siyo, hali ya mji ililistahili jina.

Neno hilo mwitu lina mzigo wake. Mnyama wa mwitu ni yule asiyefugwa; mmea wa mwitu ni ule uliojiotea. Katika mawazo ya waungwana wa visiwani, msitu ulikuwa kinyume cha mji, na mtu wa msituni alikuwa kinyume cha mwungwana. Wanabahani, ukoo uliojivunia nasaba ya Omani na enzi ya Pate, walikwenda kuufufua ufalme wao katika mahali ambapo lugha yao wenyewe iliyaona kuwa makao ya ushenzi. Hapa ndipo penye kiini cha historia ya kijamii ya Witu.

Ardhi na mazao

Haitoshi kueleza kuhama huko kwa sababu za vita peke yake. Visiwa vya Lamu, Manda na Pate havina ardhi ya kutosha kuwalisha watu wake, na kwa karne nyingi wenyeji wake walivuka kwenda bara kulima na kurudi baada ya mavuno. Mtama, mahindi, ufuta, pamba na tumbaku vilitoka huko. Katika karne ya 19 ufuta ulipata soko kubwa Ulaya, ulikokamuliwa mafuta, na bara ya Lamu ikawa miongoni mwa sehemu zilizoutoa kwa wingi. Mpira wa porini na pembe za ndovu ziliongeza thamani ya msitu wenyewe.

Kwa muda mrefu kilimo hicho kilizuiwa na hofu. Waoromo, ambao Waswahili waliwaita Wagala kwa jina ambalo wenyewe hawalipendi, walikuwa wakitawala nyika ya kaskazini ya Tana, na mkulima wa kisiwani alilima akiwa na sikio moja nyikani. Katika miaka ya 1860 nguvu za Waoromo zilivunjwa na mashambulizi, hasa ya Wasomali, na nchi iliyokuwa ya hatari ikafunguka. Simba alifika Witu wakati huo huo. Kwa ufupi, dola yake ilizaliwa pale ambapo utawala wa Unguja ulikuwa haujafika na utawala wa Waoromo ulikuwa umekwisha kuondoka.

Ardhi ilikuwapo basi, na soko lilikuwapo. Kilichokosekana ni watu. Tatizo la mtawala wa Kiafrika wa karne hiyo aghalabu halikuwa kupata ardhi bali kuwapata wa kuilima na kuilinda, na katika jambo hili Simba alifanya lile ambalo majirani zake hawakuweza kumsamehe: aliwapokea watoro.

Watoro

Mtoro, kutokana na kitenzi toroka, ni neno ambalo katika shule za Kenya ya leo humaanisha mwanafunzi anayekosa masomo bila ya ruhusa. Katika Lamu ya karne ya 19 lilikuwa neno zito zaidi. Mtoro alikuwa mtumwa aliyemkimbia bwana wake, yaani mtu ambaye kwa sheria ya mji alikuwa mali iliyojiiba. Kadiri kilimo cha ufuta na mtama kilivyopanuka, ndivyo wenye mashamba walivyozidi kununua watumwa, ambao wengi wao waliletwa kupitia Kilwa kutoka nchi za ziwa Nyasa. Na kadiri walivyoletwa bara, karibu na msitu, ndivyo kutoroka kulivyokuwa rahisi. Mkataba wa mwaka 1873 uliofunga masoko ya watumwa, na amri za Sayyid Barghash za mwaka 1876 zilizokataza misafara ya nchi kavu, zilifanya mtumwa kuwa ghali. Kwa hiyo kila aliyetoroka alikuwa hasara kubwa zaidi kwa bwana wake kuliko hapo awali.

Witu haikuwa peke yake. Watoro walijenga vijiji nyuma ya Malindi na Mombasa, na Fuladoyo ni mmoja unaojulikana sana. Wengine walikwenda mbali mpaka mto Juba, wakaunda jamii ya Gosha. Tofauti ya Witu ni kwamba hapa watoro hawakukaa nje ya dola wakiikimbia. Waliingia ndani ya dola, wakawa raia na askari wa mfalme mwenye jina na nasaba. Walipewa ardhi na ulinzi; wao walimpa Simba mazao, bunduki na miguu iliyozijua njia za msituni. Pamoja nao walikuwako Waboni, ambao ni wawindaji mashuhuri, na kandokando ya Tana Wapokomo wakulima, na Wabajuni na watu wa Pate na Siyu waliokataa utawala wa Unguja.

Ni kosa hata hivyo kuigeuza Witu kuwa ngome ya uhuru, kama ilivyo kosa kukubali barua za maofisa wa Kiingereza walioiita pango la wanyang'anyi. Simba hakuupinga utumwa. Wakuu wa Witu walikuwa na watumwa wao, na kuna habari za kutosha za watu walionyakuliwa mashambani na kuuzwa. Mtoro aliyefika Witu hakuupata uungwana. Alipata bwana aliyemwona kuwa ni mtu wa kumtumaini kuliko mali ya kuuzwa. Hiyo ni hatua, na kwa aliyekuwa ameipiga alijua urefu wake, lakini si usawa. Wanahistoria wanaotaka kuona uasi wa tabaka la chini katika Witu watauona nusu yake tu, maana kilele cha jengo hilo kilibaki kuwa ufalme wa ukoo mmoja.

Lugha ya dola

Yafaa sasa kulitazama suala la lugha, ambalo wanahistoria wameligusa kwa mbali. Katika mwendo wa siku chache kutoka Witu msafiri wa karne ya 19 angeweza kusikia Kiamu, Kipate na Kitikuu cha Wabajuni. Kipokomo, ambacho ni ndugu ya Kiswahili katika kundi la lugha za Sabaki. Kiorma na Kiboni, ambazo ni lugha za Kikushi. Na Kidahalo, lugha ya Kikushi ya wawindaji wachache yenye sauti za kudosa ulimi ambazo kwa kawaida husikika kusini mwa Afrika na kwa Wahadza na Wasandawe wa Tanzania. Juu ya hizo ziongezwe lugha za watoro: Kiyao, Kinyasa, Kingindo na nyinginezo. Ni sehemu chache za Afrika Mashariki ambako jamii nyingi za lugha zilikutana katika nchi ndogo namna hiyo.

Kiswahili ndicho kilichoziunganisha, na hapa hakikuunganisha kwa sababu ya soko tu. Mtoro alikuwa na sababu ya pekee ya kukisema: ni lugha aliyojifunza utumwani, lakini pia ndiyo lugha pekee aliyoshiriki na mtoro mwenzake wa asili nyingine. Lugha ya bwana aliyekimbiwa ikawa lugha ya waliokimbia. Jambo hili si geni kwa anayeifahamu mitaa ya mashariki ya Nairobi. Baba Dogo, mtaa uliokua karibu na viwanda na kuwavuta watu wa kila pembe ya Kenya, huzungumza Kiswahili si kwa sababu ni cha ukoo wa yeyote, bali kwa sababu si cha ukoo wa yeyote. Na vijana wake wamekigeuza mpaka kikawa Sheng, lugha ambayo wazee wa Lamu wangeikana. Hali za mahali hapa pawili hazilingani: mfanyakazi wa kiwandani si mtoro, wala mwenye kiwanda si Fumo. Kinacholingana ni njia ambayo lugha hupita inapoacha kuwa alama ya nasaba na kuwa alama ya kuishi pamoja. Wataalamu wanaoutafuta mwanzo wa Kiswahili kisichokuwa na kabila hutazama reli, jeshi na miji ya wakoloni. Witu inaonyesha kwamba jambo hilo lilikwisha kuanza kwenye mashamba ya ufuta kabla ya reli.

Jina la cheo nalo lina habari ya kutoa. Wanabahani walijinasibu na Omani, lakini jina lililotangulia majina yao, tangu Fumo Madi na Fumo Luti mpaka Fumo Bakari na Fumo Omari, si la Kiarabu. Katika Kiswahili fumo ni aina ya mkuki wenye bapa pana. Kadhalika ni cheo cha mkuu katika upwa wa kaskazini, na neno hili la pili lina ndugu zake mbali sana, kwani mfumu ni mfalme au mkuu katika Kichewa na hata katika Kikongo. Kwa hiyo Mnyasa aliyetekwa, akauzwa Kilwa, akalimishwa Lamu na hatimaye akatoroka, alikuta Witu mtawala anayeitwa kwa neno linalofanana na lile ambalo kwao lilimwita mkuu wa nchi. Pengine hapakuwa na mtu aliyekaa chini kulifikiria. Lakini cheo cha sultani kiliwaelekea Unguja na Ulaya, na cheo cha fumo kiliwaelekea watu.

Wajerumani wao walitafuta jina lao. Katika maandishi yao nchi ya Witu iliitwa pia Suaheliland, yaani nchi ya Waswahili. Hapana budi kuonyesha kejeli iliyomo: mji wa mawe wa Lamu na ule wa Mombasa ilibaki chini ya Unguja, na jina la nchi ya Waswahili likatundikwa juu ya msitu uliokaliwa na wale ambao watu wa Lamu hawakukubali kuwaita Waswahili wenzao. Mchango wa maana zaidi katika elimu ya lugha ulitoka kwa mmisionari Ferdinand Würtz, wa misheni ya Neukirchen iliyoanzishwa Ngao kwenye Tana mwaka 1887, ambaye msamiati wake wa Kitikuu na Kipokomo ulichapishwa mwaka 1895. Kipokomo baadaye kiliipa Kenya kitu ambacho wengi hukiimba bila ya kujua asili yake, maana sauti ya wimbo wa taifa ilitokana na wimbo wa Kipokomo wa kubembeleza mtoto.

Moto wa mwaka 1890

Mambo ya siasa ya nje yanajulikana, na hapa yanatajwa kwa ufupi. Simba, akitafuta mlinzi dhidi ya Unguja, alimwomba Richard Brenner, Mjerumani aliyefika Witu mwaka 1867, ampelekee maombi ya ulinzi wa Prussia. Maombi hayo hayakujibiwa kwa miaka 18. Mwezi Aprili 1885 alimpa Clemens Denhardt ardhi, na tarehe 27 Mei mwaka huo Ujerumani ikatangaza ulinzi wake juu ya Witu. Barghash alituma askari, akalazimishwa kuwarudisha. Mapatano ya mwaka 1886 yaliipa Witu upwa wa kutoka Kipini mpaka kaskazini ya ghuba ya Manda. Simba alikufa kabla ya kuuona mwisho wa mapatano hayo, akamwachia Fumo Bakari. Tarehe 1 Julai 1890 Ujerumani iliikabidhi Witu kwa Uingereza pamoja na madai yake mengine, ili ipate kisiwa cha Heligoland, na Fumo Bakari hakuulizwa.

Kilichofuata hakielezeki vyema pasipo kukumbuka nafasi ya msitu katika dola hii. Mwezi Septemba 1890 Mjerumani aliyeitwa Andreas Küntzel alifika Witu na wenzake, akikusudia kukata miti na kuweka mashine ya kupasulia mbao. Alikatazwa, akaja juu, akampiga risasi mlinzi wa lango. Yeye na wenzake wengi waliuawa. Vitabu vingi hulieleza tukio hili kama ugomvi wa mtu mwenye hasira, na hasira hapana shaka zilikuwako. Lakini mti wa Witu haukuwa mbao tu. Ulikuwa ukuta wa mji. Kumruhusu mgeni aukate ilikuwa sawa na kumruhusu mgeni abomoe ngome ya Mombasa auze mawe yake. Na mgeni huyo alitoka katika taifa ambalo miezi miwili tu nyuma lilikuwa limeiuza ahadi yake.

Mwezi Oktoba 1890 jeshi la Uingereza chini ya Admirali Fremantle lilipanda kutoka baharini, likauteka mji na kuuteketeza. Fumo Bakari alikimbilia msituni, akafa mwanzoni mwa mwaka 1891. Ndugu yake Fumo Omari aliendelea kupigana kutoka ngome za Jongeni na Pumwani mpaka zilipovunjwa mwaka 1893, baada ya Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki kushindwa kuitawala nchi na kujiondoa. Baadaye alishikwa, akapelekwa Unguja. Mwaka 1895 Waingereza walimweka Omari Madi kuwa sultani chini yao, na cheo hicho kiliendelea, bila ya nguvu, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1920. Ardhi ya bara ilikuwa imekwisha kuhesabiwa kuwa ya serikali, na ni katika ardhi hiyo kwamba, baada ya uhuru, serikali ya Kenya iliweka makazi ya wakulima kutoka bara, kuanzia Mpeketoni mwanzoni mwa miaka ya 1970. Madai ya nani ana haki ya kulima nchi ile hayajakwisha mpaka leo.

Kitabu kilichoungua na kile kilichosemwa

Katika moto huo, kwa mapokeo ya Wanabahani wenyewe, kiliangamia kitabu cha tarikhi ya Pate kilichokuwa kimehifadhiwa Witu. Kinachosomwa leo si kitabu hicho. Ni maneno ya Muhammad bin Fumo Omar Nabahani, maarufu kwa jina la Bwana Kitini, aliyeyapokea kwa babu yake Muhammad bin Bwana Mkuu, aliyeitwa Bwana Simba. Aliyasema, wengine wakaandika. C. H. Stigand alichapisha tafsiri yake mwaka 1913, na Alice Werner akafuata na nakala nyingine kati ya mwaka 1914 na 1915. Baadaye zilipatikana nakala zaidi, na mwaka 1993 Marina Tolmacheva akazikusanya na kuzilinganisha.

Wataalamu wamebishana sana juu ya tarehe za tarikhi hiyo na nasaba zake, na ubishi huo una haki yake. Lakini kuna jambo ambalo wabishani wameliruka. Hizi ni habari zilizosemwa baada ya kushindwa, na mtu wa ukoo ulioshindwa, miaka isiyozidi 25 baada ya mji kuchomwa, zikasikilizwa na kuandikwa kwa ajili ya maofisa wa dola ile ile iliyouchoma. Msemaji aliye katika hali hiyo ana haja ya kuonyesha kwamba ukoo wake ulitawala tangu zamani sana, mbali sana na kwa haki. Mwaka 600 wa Hijra, na miji mingi inayosemwa kuwa ilikuwa chini ya Pate, yasomwe pamoja na haja hiyo. Kusoma hivyo hakuishushi thamani tarikhi. Kunaihamisha kutoka kuwa ushahidi dhaifu juu ya karne ya 13 na kuifanya ushahidi madhubuti juu ya mwanzo wa karne ya 20.

Na haja hiyo hiyo ndiyo iliyowanyima watoro nafasi. Tarikhi huenda kwa mfalme na mwanawe, ndoa na vita. Inamfikisha msomaji mpaka kwa Simba na waliomfuata Witu, lakini waliolima ufuta wake na kulinda malango yake hawana sura yao. Msemaji aliyetaka kuthibitisha enzi ya Pate hakuwa na faida ya kueleza kwamba enzi hiyo ilifufuliwa kwa mikono ya watumwa waliotoroka. Habari za watoro zikabaki katika karatasi za maadui zao: malalamiko ya wenye mashamba wa Lamu, barua za makonsuli, taarifa za maofisa wa majeshi. Humo wanaitwa wezi na wakimbizi, na aghalabu huhesabiwa badala ya kutajwa kwa majina.

Yamesalia majina ya mahali. Pumwani, ngome ya mwisho ya Fumo Omari, ni jina linalosikika kuwa na mzizi wa pumua, na baada ya miaka thelathini hivi jina lililo sawa nalo lilipewa mtaa wa mashariki ya Nairobi ambako serikali ya kikoloni iliwahamishia Waislamu na wazungumzaji wa Kiswahili waliokuwa wakiishi katika vijiji vya Pangani na kwingineko mjini. Wote waliolitamka, msituni na mjini, walikuwa watu waliotoka kwingine, na katika mahali pote pawili utawala ule ule ulikuwa na orodha yao.